Nimechelewa CMA siku 47, je bado nina kesi?

Swali limetoka kwa dereva mmoja wa utalii, nimelifupisha tu (CMA ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi): "Shikamoo wakili. Nimefanya kazi kampuni moja hapa Arusha miaka mitano. Tarehe 3 Machi nikapewa barua ya kuachishwa kazi, sababu wameandika upungufu wa kazi. Bosi akaniambia kwa mdomo tulia nyumbani, masika yakiisha Juni unarudi. Tarehe 25 Machi mama akalazwa KCMC, nikahamia Moshi kumuuguza mpaka alipotoka tarehe 14 Aprili. Tarehe 16 nikamwona kiongozi mmoja wa chama cha wafanyakazi, akasema waandikie kwanza barua ya madai. Nikaandika tarehe 22, wakajibu tarehe 6 Mei kwamba msimamo wao ni uleule. Baada ya hapo nikawa natafuta hela ya wakili. Tarehe 19 Mei nimefika CMA naambiwa nimechelewa, nijaze fomu namba mbili nieleze sababu. Na mshahara wa Februari sijalipwa mpaka leo. Je nina kesi au niachane nayo?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa mama. Usiachane nayo. Ila usiende pale na ile hadithi ya jumla ya "nilikuwa na matatizo ya kifamilia na sikujua sheria", maana hiyo wameisikia mpaka wameizoea na haijawahi kumsaidia mtu.

Tuanze na hesabu, maana kesi yako sa hivi ni hesabu kabla haijawa sheria. Kanuni za usuluhishi na uamuzi, zile za Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007, kanuni ya 10 inasema mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe Tume ndani ya siku 30, na migogoro mingine yote, mishahara, likizo na vitu kama hivyo, ndani ya siku 60. Siku uliyopewa barua haihesabiwi, kwa hiyo ukapewa tarehe 3 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 4, na ya 30 inaangukia tarehe 2 Aprili. We umefika tarehe 19 Mei, siku ya 77. Toa 30 zako halali, umechelewa siku 47. Mshahara wa Februari nao ulitakiwa ulipwe mwisho wa mwezi, siku 60 zake zimeisha mwishoni mwa Aprili, kwa hiyo na hapo umechelewa, japo kidogo. Usiseme ntaomba kwa ajili ya kuachishwa tu halafu mshahara utajipenyeza humohumo. Omba kwa vyote viwili na useme wazi kila kimoja kimechelewa siku ngapi.

Sasa hapo kwenye 47 ndo pana kazi. Watu wengi wanadhani mtu akichelewa anaulizwa "una shida gani", kwa hiyo anajipanga kumlilia msuluhishi. Hapana, unaulizwa ulikuwa wapi, siku kwa siku. Mahakama ya Rufani kwenye shauri la Bushiri Hassan dhidi ya Latifa Lukio Mashayo, maombi ya madai namba 3 ya mwaka 2007, ilisema kuchelewa hata siku moja lazima kutolewe maelezo, na mawakili wa waajiri wanalijua hilo kama wanavyojua Baba Yetu, atakuja nalo tu, subiri utaona. Halafu atakuja na shauri la Lyamuya Construction, maombi namba 2 ya mwaka 2010, ambalo limeweka mambo manne: ueleze kipindi chote cha kuchelewa, kuchelewa kwenyewe kusiwe kwa kupitiliza, uonyeshe ulikuwa unahangaika na sio umelala au umezembea, na kama kuna hoja nyingine ya uzito, mfano uamuzi unaopingwa una kasoro kubwa ya kisheria. Hilo la mwisho kwako halina nafasi sana, lina faida zaidi kwa mtu anayepinga hukumu au tuzo (uamuzi wa Tume).

Kule Tume wana orodha yao pia, kanuni ya 11: umechelewa kwa kiasi gani, kwa nini, kesi yako ina uwezekano wa kushinda kiasi gani, mwenzako, yani mwajiri, ataumia vipi ukiruhusiwa, na jambo lingine lolote la maana. Mi huwa nawaambia wateja wangu wafuate orodha hii kwenye kuandika, ila maelezo ya siku kwa siku yawe ya kiwango cha Lyamuya, ukifanya hivyo umeziba pande zote mbili.

Haya tuchukue karatasi tuzigawe siku zako.

Tarehe 3 mpaka 14 Aprili ni siku 12, mama yuko wodini. Hizi ndo siku zako nzuri kuliko zote ila usizitegemee zijisemee zenyewe. Nataka ile fomu ya kuruhusiwa kutoka hospitali, inaonyesha tarehe ya kuingia na kutoka. Nataka na kitu kinachoonyesha ni WEWE uliyekuwa unamuuguza, maana wakili wa upande wa pili atauliza je hana watoto wengine, je ulilala wodini saa 24, kutoka Moshi mpaka Arusha si ni masaa mawili tu kwa koasta. Ni swali la kuudhi lakini ni la halali. Jibu ni kiapo cha mtu mwingine wa familia, dada yako au baba, aseme we ndo uliyekuwa zamu, na kama kuna risiti za dawa zenye jina lako au miamala ya simu uliyolipia kule Moshi tarehe hizo, ambatanisha. Na usisahau kutaja kwamba alilazwa tangu tarehe 25 Machi, yani siku zako 30 zilikuwa bado zinatembea zikakukuta hospitali. Hiyo inaonyesha hukusubiri muda uishe ndo uanze kutafuta sababu.

Kuanzia tarehe 15 Aprili mpaka 6 Mei ni siku 22, na hapa ndo mdogo wangu panateleza. We unaona ulikuwa unafuatilia haki yako, na kweli ulikuwa unafuatilia, lakini mazungumzo na mwajiri hayasimamishi muda. Mahakama zimeshasema hivyo mara nyingi mpaka imekuwa kama msumari. Ukiandika kwenye kiapo "nilikuwa nasubiri wanijibu barua" umekwisha. Kwa hiyo usilete barua ya madai kama sababu ya kuchelewa, ilete kama ushahidi kwamba hukulala: tarehe 15 nimerudi Arusha, 16 nikaenda kwa kiongozi wa chama, akanielekeza niandike barua, 22 nikaandika, 6 Mei wakajibu. Kuna tofauti kubwa kati ya hayo mawili hata kama karatasi ni ileile. Na yule kiongozi wa chama naye aape kiapo chake kifupi, ukurasa mmoja tu unatosha, kwamba kweli alikuja siku hiyo na nilimshauri hivyo. Ukitaja mtu kwenye kiapo chako akawa hajaapa mwenyewe, maneno yake yanabaki kuwa ya kusikia na yatafutwa. Akikataa kuapa, ambalo linatokea sana maana hakuna anayependa kuandika kwamba alitoa ushauri mbovu, basi andika ulichofanya wewe tu, usimtie maneno mdomoni.

Hapohapo nikukinge na mshauri mmoja ambaye lazima utakutana naye, sijui kijiweni sijui kwenye grupu la madereva. Atakwambia barua ya tarehe 6 Mei ndo "uamuzi wa mwisho" kwa hiyo siku 30 zinaanza pale na hujachelewa kabisa. Hii hoja haitoki hewani, kanuni yenyewe inataja pia tarehe ambayo mwajiri alifanya uamuzi wa mwisho wa kuachisha au wa kuthibitisha uamuzi huo. Ila hiyo inamfaa mtu aliyekata rufaa ndani ya kampuni, kwa utaratibu wa kampuni, na rufaa ikajibiwa. We uliandika barua ya madai wiki saba baada ya kuachishwa, sio rufaa. Na kuna mtego mwingine humo: ukijaza fomu ya kuomba kusamehewa umeshakiri kwamba umechelewa, huwezi tena kusimama ukasema sijachelewa. Chagua moja. Kwa karatasi ulizonionyesha mimi nachagua kukiri.

Tunabaki na tarehe 7 mpaka 18 Mei. Siku 12 tena (ya 47 ni tarehe 19 yenyewe), na hizi ndo mbaya. "Nilikuwa natafuta hela ya wakili" usiandike hivyo hivyo, kwa sababu kwanza ukata peke yake kwa kawaida haukubaliki kama sababu, pili pale Tume huhitaji wakili, sheria inakuruhusu uende mwenyewe, au na mtu wa chama chako, au mwakilishi yeyote utakayemchagua. Kwa hiyo mwenzako atasema alikuwa anatafuta hela ya kitu ambacho hakihitajiki. Ulinitajia kwenye simu kwamba tarehe 12 ulienda kwenye ofisi moja ya msaada wa kisheria ukaambiwa urudi tarehe 15, ukarudi, ndo wakakwambia ukimbilie CMA. Mbona hukuandika hilo kwenye swali? Hilo ni dhahabu. Kuna daftari la wateja pale, umesaini, omba barua fupi ya kuthibitisha. Tarehe 15 mpaka 19 kama kuna wikiendi katikati, angalia kalenda uiseme. Tarehe 7 mpaka 11 ulikuwa wapi? Kama ulienda kuazima hela kwa ndugu Ngaramtoni sema ulienda na kwa nani. Kama ulikuwa umekaa tu umechanganyikiwa, sema umekaa umechanganyikiwa. Nipo serious. Siku nne tano zenye maelezo dhaifu lakini ya kweli, katikati ya siku arobaini zenye vielelezo, msuluhishi anaweza kuzimeza. Siku tano zenye uongo hazimezeki, na zinakwenda na zile nyingine zote.

Maana nimeliona hili. Miaka ya nyuma niliwahi kumsimamia mtu, fundi, aliyechelewa kama mwezi na nusu, akaniletea cheti cha kuumwa kilichojaa vizuri kila tarehe, nikafurahi kama mtoto. Siku ya kusikilizwa wakili wa upande wa pili anatoa muamala wa simu, mteja wangu siku ileile aliyotakiwa kuwa kitandani amelipia nauli ya basi Dar. Cheti chenyewe inawezekana kabisa kilikuwa cha kweli, alilazwa wiki mbili kweli, ila mtu kamwambia mrefushie kidogo. Tukapoteza na zile wiki mbili za kweli. Na kumbuka kiapo ni kiapo, kudanganya ndani yake ni kosa la jinai, sio suala la kushindwa kesi tu.

Ujanja mwingine uliozoeleka ni ule wa kubadilisha tarehe ya mgogoro kwenye fomu namba moja. Mtu ameachishwa Machi anaandika mgogoro umetokea Aprili mwishoni ili aonekane yuko ndani ya muda. Barua ya kuachishwa si ipo? Mwajiri anaitoa, pingamizi la awali, kesi imeisha dakika kumi. Na hata mwajiri asipolalamika, suala la muda linagusa mamlaka ya Tume kusikiliza, kwa hiyo linaweza kuibuliwa wakati wowote, hata huko Mahakama Kuu baada ya wewe kushinda na kusherehekea. Nimeona watu wakinyang'anywa tuzo nono namna hiyo, miaka miwili ya kuhangaika inaondoka kwa sababu mwanzoni hawakuomba msamaha wa siku kumi na tatu.

Kuhusu ahadi ya bosi ya "tulia, Juni unarudi". Najua inakuuma na najua kwa nini uliamini, kila dereva wa hapa anajua Aprili na Mei barabara za porini ni matope na kampuni nyingi zinapunguza watu halafu zinawaita msimu ukianza. Mi nafikiri iandike, kwa sababu inaeleza kwa nini hukukimbia siku ya kwanza, ila usiweke mzigo wote pale. Una meseji? Kama ipo meseji ya WhatsApp ambayo amesema hivyo kwa maandishi, hata sauti, ihifadhi, piga skrinshoti inayoonyesha namba na tarehe, na simu yenyewe usiiuze. Kama ni kwa mdomo tu bila shahidi, sentensi moja inatosha, usiandike aya tatu.

Kitu ambacho watu wanakipita haraka na mi naona ndo silaha yako ni uwezekano wa kushinda. Barua inasema upungufu wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, haimruhusu mwajiri kupunguza watu kwa barua ya asubuhi. Anatakiwa atoe taarifa ya kusudio la kupunguza, atoe habari zote zinazohusika, na afanye mashauriano na wafanyakazi au chama chao kabla ya kupunguza: kwa nini, nani anapunguzwa kwa kigezo gani, kuna njia gani ya kuepuka, malipo yatakuwaje. Je uliitwa kikao chochote? Ulisaini mahudhurio? Kama hakukuwa na kikao hata kimoja, na kama wamemchukua dereva mwingine baada yako (nasikia hutokea, eh), hayo yaandike kwenye kiapo kama ukweli mkavu bila kubishana: "Sikuwahi kuitwa kwenye mashauriano yoyote kabla ya tarehe 3 Machi." Nukta. Huhitaji kuthibitisha kesi nzima hatua hii, unahitaji kuonyesha kuna kitu cha kusikilizwa. Kuumia kwa mwajiri nako mistari miwili: kampuni ipo, mafaili yapo, meneja aliyesaini barua yupo, hakuna ushahidi uliopotea kwa siku 47.

Namna ya kupeleka sasa. Fomu namba moja, ile ya kufungua mgogoro, na fomu namba mbili ya kuomba kusamehewa kuchelewa zinaenda PAMOJA, sio unapeleka ya pili usubiri ikubaliwe ndo ulete ya kwanza. Fomu namba moja ina kipande cha ziada kwa ajili ya watu walioachishwa kazi tu, kijaze, wengi wanakiacha. Fomu namba mbili ina nafasi ndogo ya sababu kwa hiyo ambatanisha hati ya kiapo, aya zenye namba, kila aya jambo moja na tarehe yake, vielelezo vimewekewa alama. Kiapo kiwe na uthibitisho mwishoni kwamba yaliyomo ni kweli kwa ufahamu wako, na kamishna wa viapo aandike jina lake, mahali na tarehe ulipoapa mbele yake. Inaonekana kitu kidogo lakini kiapo kisicho na mahali au tarehe kinatupwa, nimeshaona kikitupwa na wala sio mara moja. Lugha andika Kiswahili tu, usijitese. Nakala moja mpelekee mwajiri kwanza, asaini na kugonga muhuri kwenye ya kwako, maana Tume watataka kuona kwamba amepata. Akikataa kupokea andika jina la aliyekataa, saa na tarehe.

Atajibu kwa kiapo kinzani. Kisome usiku huohuo, na kama amesema jambo la uongo unaruhusiwa kujibu. Kisha mtaitwa mbele ya msuluhishi, atasikiliza hili la muda tu, kwa hiyo usiingie mle ukaanza kueleza ulivyofanya kazi kwa uaminifu miaka mitano, atakukatiza na utachanganyikiwa. Ongea kwa tarehe. Akikubali mnaingia usuluhishi wenyewe. Akikataa, sio mwisho, unaweza kupeleka maombi ya marejeo Mahakama Kuu, yani iupitie upya uamuzi huo, na hapo una wiki sita tangu uamuzi ukufikie.

Na hizo wiki sita ni siku 42, sio mwezi na nusu. Nasema hivi kwa uchungu, mi mwenyewe nikiwa wakili mchanga nilipeleka marejeo ya mteja siku ya 43, nilihesabu kuanzia siku mteja alipokuja ofisini na nakala na kumbe alishaisaini kule Tume siku moja nyuma. Siku moja! Nikasimama kuomba kuongezewa muda nikiwa na sababu moja tu mkononi, kwamba wakili alikosea hesabu, na uzembe wa wakili sio sababu, hilo nililijua wakati naandika maombi na nililijua wakati nasimama. Mteja alikuwa amekaa nyuma yangu, mama wa makamo, mpishi wa hoteli. Mpaka leo nikipewa faili jipya kitu cha kwanza naandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada ni tarehe ya mwisho, halafu natoa siku tano.

Leo ni tarehe 21. Kumbuka zile 47 ni mpaka siku uliyofika pale mlangoni, ila hujapeleka chochote bado, kwa hiyo jana na leo nazo zinadai maelezo. Barua ya ile ofisi ya msaada wa kisheria ifuate kesho asubuhi mapema, mchana tuape, na mwajiri wapelekewe kabla hawajafunga ofisi. Karatasi za KCMC kama ziko Moshi kwa mama, mwambie dada yako apande nazo koasta ya kwanza, picha ya simu itatusaidia kuandika lakini nakala halisi ntaitaka siku ya kusikilizwa.